Kaburi la Upande wa Minyaa

Kila Jumamosi jua likipoa, askofu wetu mstaafu huchukua kiti chake cha kukunja, chupa ya chai ya tangawizi na fimbo, huenda makaburini kuzungumza na mke wake. Huzungumza naye kwa lugha ya kwao, ambayo upande huu wa Nyang'hwale hakuna mtu mwingine anayeijua. Mara moja moja jina la mtu wa hapa hupita katikati ya maneno hayo, nami hujua kwamba anamsimulia habari za wiki. Akimaliza hunywa chai yake, hukunja kiti na kurudi nyumbani akisimama kila baada ya hatua chache kama mtu aliyesahau kitu.

Mwaka huu aliniita nimwandikie maagizo ya mazishi yake, kwa sababu mkono wake umeanza kutetemeka. Aliagiza azikwe upande wa kulia wa mke wake. Niliandika kila neno alilolitamka, nikamsomea, akatia sahihi yake iliyopinda. Nilipokuwa nikiandika nilijua kwamba mke wake hayupo pale anapokaa naye kila Jumamosi. Nilikuwa mtu pekee duniani aliyejua, na aliyesababisha ni mimi.

Nataka kueleza habari zake, si zangu. Lakini kila nikijaribu kumweleza bila kujitaja, kalamu inagoma.

Alikuja kwetu kutoka India, kusini kabisa, ambako kumbe kuna Walutheri wengi kuliko tulivyodhani. Sisi tulikuwa hatujui. Wahindi wote tuliowafahamu walikuwa na maduka, kule Shinyanga mjini, Kahama na Geita, na waliswali msikitini au walikuwa na hekalu lao. Mhindi mwenye kola ya kichungaji tulikuwa hatujamwona. Alikuja na mke wake kufundisha kwenye chuo cha Biblia, baadaye akapewa usharika wetu, na mwishowe akawa askofu. Hata baada ya kuwa askofu, akiwa na shati la zambarau na msalaba kifuani, bado mtu angemsimamisha sokoni.

"Boss, mabati ya geji thelathini yamefika?"

"Sina mabati, mama. Nina habari njema."

"Habari njema haziezeki nyumba, boss."

Alikuwa akiipenda sana hadithi hiyo. Aliihubiri miaka mingi.

Siku moja nilifuatana naye Kahama, kutafuta rangi ya kanisa. Mzee mwenye duka alipomwona alitoka nyuma ya kaunta, akamshika mikono yote miwili, akaanza kumwaga maneno ya kwao. Askofu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili, "Mzee wangu, samahani, sijaelewa hata neno moja." Yule mzee akashangaa. Akajaribu tena, polepole. Haikusaidia. Mwishowe wale Wahindi wawili wakakaa kwenye magunia wakazungumza kwa Kiswahili, mmoja kwa lafudhi ya duka na mwingine kwa lafudhi ya kitabu cha sarufi, na wapakiaji wakaacha kupakia ili wacheke vizuri. Tulipotoka aliniambia, "Katibu, umeona? Hata kwa Wahindi mimi ni mgeni."

Aliniita Katibu tangu siku ya kwanza. Nilikuwa katibu wa usharika, nimesoma mpaka kidato cha nne, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Wengine aliwasifu kwa mambo mengi, lakini mimi alinisifu kwa jambo moja tu: "Katibu wangu hakosei." Alilisema mbele ya wazee wa kanisa, alilisema mbele ya wageni. Nilikuwa kijana, nikalimeza neno hilo kama maziwa.

Alikula ugali kwa mkono kwa ustadi kuliko wamisionari wote waliomtangulia, na hilo lilimfungulia nyumba nyingi. Wanawake walimpenda kwa sababu aliomba aongezewe. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga angeweza kula mpaka umwondolee sahani. Lakini mfukoni mwa koti alikuwa na pilipili kavu zilizofungwa kwenye karatasi, na mwenye nyumba akigeuka alizivunjavunja kwenye mchuzi. Mke wake alikuwa akimpiga kikumbo. "Wataona," alisema. "Mungu ameshaona," alijibu. "Hao wengine watazoea."

Chai aliinywa ikiwa inachemka. Alihubiri uvumilivu, lakini sijapata kumwona akisubiri kikombe kipoe. Midomo yake ilikuwa na alama. Alisema, "Mungu hana haraka, ndiyo maana mimi ninayo."

Aliwaogopa ng'ombe. Hilo kwetu Usukumani ni kasoro kubwa kuliko kutojua kusoma. Siku aliposimikwa, wazee walimzawadia dume jeupe, likasogezwa mpaka mbele ya jukwaa, naye akarudi nyuma hatua moja, mbili, mpaka akamkanyaga mgeni rasmi.

"Baba Askofu," mzee mmoja alimwambia, "kwenu si mnawaheshimu ng'ombe?"

"Tunawaheshimu sana. Heshima ni kukaa mbali."

Na alichoka. Sijui niseme vipi ili nisionekane namdharau, lakini ndivyo ninavyomkumbuka zaidi: mtu aliyechoka. Dayosisi ilikuwa pana, barabara mbovu, wachungaji wachache, na safarini alinichukua mimi nimwandikie. Alikuwa akilala ndani ya gari katikati ya sentensi. "Kule Rwamgasa tungejenga ka..." akalala. Tukapita vijiji vitatu, gari likaingia shimoni, akafumbua macho: "...kanisa dogo tu, la kuanzia." Dereva alikuwa amezoea. Hata kucheka alikuwa ameacha.

Kuna mambo mawili aliyakataa katika maisha yake yote, uongo makaburini na maji baridi kwenye ubatizo. Nitaanza na maji, kwa sababu yanahusika.

Kulikuwa na bibi mmoja kijijini kwetu, jina lake Milembe, mvuta kiko, kiziwi kabisa. Aliomba kubatizwa uzeeni. Binti yake, Mama Shija, alikuwa akimtafsiria kwa kumpigia kelele sikioni. Siku ya ubatizo, asubuhi ya baridi ya Julai, mzee wangu huyu Askofu, wakati huo akiwa mchungaji wetu, alichota maji akammwagia tone la kwanza kichwani. Bibi akaruka.

"Mwambie huyu Mhindi," alisema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kiziwi, kanisa zima likasikia, "maji ya baridi amwachie Yohana. Mimi nina homa ya mifupa."

Ibada ikasimama. Mke wa mchungaji akatoka, akarudi na birika. Tangu siku hiyo kila aliyebatizwa na mzee wangu alibatizwa kwa maji ya uvuguvugu, hata alipokuwa askofu, hata mbele ya wageni wa kutoka nje. Milembe alipofariki, miaka michache baadaye, alizikwa na kiko chake cha udongo kwapani kama alivyoomba. Wazee wa kanisa walinung'unika. Mzee wangu alisema, "Mwacheni. Mbinguni atakiweka mwenyewe chini akiona hakihitajiki."

Kuhusu uongo makaburini alikuwa mkali kupita kiasi, na sidhani kama siku zote alikuwa na haki. Mchungaji mmoja kijana alimsifu marehemu aliyekuwa akimpiga mke wake, akamwita nguzo ya familia. Askofu alimsimamisha pale pale, mbele ya jeneza, akamwambia aombe radhi kwa mjane. Kijana yule alilia. Mjane naye alilia, kwa aibu. Nilipomwambia kwenye gari kwamba amewaumiza wote wawili, alisema, "Aliyekufa hawezi kusahihisha. Kwa hiyo sisi tusikosee." Nilitazama dirishani.

Lakini yeye mwenyewe alisema uongo mara moja, nami nilikuwepo. Duara, yaani shimo la dhahabu, lilikuwa limeporomoka Rwamgasa, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, na sisi tulikuwa njiani kuelekea Geita. Tukageuza gari. Walikuwa wamemtoa kijana mmoja, wamemlaza juu ya magunia ya mawe, kifua kimevunjika. Matimba yaliyokuwa yameshikilia ukuta wa shimo yalikatika kama njiti. Mdogo wake alikuwa bado chini, na waliokuwa wamepanda walishatikisa vichwa.

"Mdogo wangu ametoka?" kijana aliuliza.

Askofu alipiga magoti kwenye tope na shati lake la zambarau. "Ametoka. Yuko pale kwenye kivuli. Anakunywa chai."

"Ya moto?"

"Inachemka."

Kijana akatulia, akafariki kabla hatujapata machela. Tukiwa kwenye gari Askofu hakulala. Tulipofika karibu na mjini alisema, "Katibu, leo nimesema uongo."

"Ulikuwa wa huruma, Baba Askofu."

"Wote ni wa huruma. Tatizo ni huruma kwa nani." Kisha akanigeukia. "Wewe hujawahi?"

Pale mlango ulikuwa wazi. Nimeufikiria mlango ule miaka mingi. Alikuwa ameshakiri yeye kwanza, mkubwa mbele ya mdogo, na dereva alikuwa akishughulika na mashimo. Ingenichukua maneno kumi.

"Sikumbuki," nilisema.

Sasa niseme lile nisilokumbuka.

Mke wake hakupata kuitwa Mama Askofu. Alifariki wakati wao wakiwa bado usharikani kwetu, kwa homa ya siku nne, mito ikiwa imejaa na gari haliwezi kupita kwenda hospitali. Alikuwa mwanamke mpole sana, wa sauti ndogo. Ukitaka kumsikia ilibidi uiname. Hawakujaliwa watoto. Wazee walikuja kumwuliza mzee wangu kama maiti arudishwe kwao. Alijibu, "Kwao ni hapa." Tukamzika kwenye makaburi ya usharika, safu ya mwisho, mwanzo wa safu, upande wa ua wa minyaa. Mwaka ule ule tulimzika katikati ya safu mwinjilisti wetu wa zamani, na mwisho wa safu, upande wa njia, Bibi Milembe. Makaburi matatu yalikuwa ya udongo mtupu na misalaba ya mbao.

Mzee wangu akasafiri kwenda kwao kuwaeleza wakwe zake. Alikaa miezi mingi. Watu walisema harudi tena. Alirudi karibu na Pasaka.

Kwetu Pasaka huanzia makaburini. Usharika wote hukusanyika kabla ya jua kuchomoza, na kuimba tukiwa tumesimama kando ya watu wetu. Kwa hiyo wiki moja kabla, makaburi hulimwa na misalaba hupakwa rangi. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Mwaka ule, kwa kuwa masika yalikuwa yameanza na mchungaji alikuwa anarudi, nikajifanya mwerevu: badala ya kupaka msalaba mmoja mmoja pale ulipo, niliing'oa safu kwa safu, nikaipeleka barazani mwa kanisa, nikaipaka yote nyeupe, majina na kila kitu. Majina ningeyaandika upya kutoka kwenye daftari langu, mwanzo wa safu hadi mwisho. Safu zote zilikwenda vizuri. Safu ya mwisho niliianza mvua ikitishia. Nikaingia upande wa njia badala ya kuzunguka kwenye minyaa, nikaanzia nilipofikia. Jina la kwanza kwenye daftari nikaliandika kwenye msalaba niliousimika upande wa njia. La pili katikati. La tatu kwenye minyaa. Mvua ikashuka, matuta yakalala, nikakimbia.

Aliyekuwa katikati alipata msalaba wake. Wa pembeni wawili niliwabadilisha.

Alfajiri ile ya Pasaka mzee wangu alifika na kusimama mbele ya jina la mke wake. Watu walikuwa wanaimba. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Akaniita kwa kidole.

"Katibu, nilidhani alikuwa upande wa minyaa."

Nami wakati ule ule niliona. Niliona kila kitu: daftari, mvua, njia. Ningeweza kusema, "Nimekosea, Baba Mchungaji, nitarekebisha kesho." Wangenicheka wiki moja. Badala yake nilisema:

"Minyaa ilikuwa pande zote mbili, Baba. Ya huku tuliikata."

"Mimi nakumbuka njia ilikuwa mbali."

"Siku ya msiba mtu haoni vizuri."

Akaniangalia, akainamisha kichwa. "Kweli," alisema. "Siku ile sikuona kitu." Akaingia kwenye wimbo. Sikuanguka, ardhi haikupasuka. Nilirudi nyumbani nikanywa uji.

Ulipofika uchaguzi wa askofu, kule Shinyanga, kuna waliosema, "Tumekosa watu mpaka tumchague Mhindi?" Mzee mmoja mfugaji akasimama, kofia mkononi. "Mgeni huondoka na maiti wake," alisema. "Mtu aliyezika kwetu ni wetu. Nendeni mkaangalie makaburini, msalaba uko pale." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nami nilipiga.

Kisha ukaja mgodi mkubwa, na makaburi yetu yakawa ndani ya eneo lao. Sitasema mengi; walihamisha kwa heshima, kila ukoo ukasimama kwenye msalaba wake, afisa akasoma majina, na masanduku madogo yakaandaliwa. Mimi nilishika daftari. Vijana walipokuwa wakichimba chini ya jina la mke wake, Askofu alikuwa amegeukia vilima akisoma zaburi, hakuweza kuangalia. Kijana mmoja akainua kitu chenye udongo.

"Mzee, huku kuna kiko."

"Nipe. Nyamaza."

Nikakitia mfukoni. Upande wa pili, Mama Shija alikuwa ameinama juu ya shimo lililoandikwa jina la mama yake, akichungulia.

"Mbona sikioni kiko cha mama?"

"Udongo umekila," nilisema.

Akanyanyuka taratibu. "Udongo unakula udongo?" Aliniangalia mpaka nikafungua daftari nikaandika kitu ambacho hakikuhitajika kuandikwa.

Kwenye makaburi mapya tulipanga safu kama ilivyokuwa. Askofu alichomeka tawi la minyaa kichwani pa lile kaburi lenye jina la mke wake. "Alikuwa na minyaa," alisema. "Nakumbuka hilo tu." Leo tawi hilo limezidi urefu wa mtu. Alipostaafu angeweza kukaa Shinyanga kwenye nyumba ya dayosisi, yenye umeme na maji. Aliomba vyumba viwili vya nyumba ya zamani ya mwinjilisti, hapa, ili awe karibu. Na Mama Shija naye alikwenda kwa mama yake kila alipopata nafasi. Alisimama kando akapiga kelele, "Mayu! Mwadila!", akimsalimu mama yake kwa Kisukuma, kwa sababu alikuwa kiziwi na kifo hakikuwa kimebadilisha mazoea ya binti. Askofu alikuwa akimwinulia fimbo kumsalimu. Kila mmoja alikuwa akizungumza na marehemu wa mwenzake, hatua chache kati yao, nami nilikuwa nikipita njiani na jembe begani.

Mwezi uliopita alisema anataka kaburi lake lijengewe matofali angali hai. Wazee walimwomba asitaje mambo hayo. Alisema amechoka na hataki kuwachosha wengine. Fundi angeanza Jumatatu. Jumamosi nilikitoa kile kiko kwenye sanduku la nguo, nikakifunga kwenye leso, nikaenda.

"Shikamoo, Baba Askofu."

"Marahaba, Katibu. Umekuja kupima?"

"Sikuja kupima." Nikafungua leso, nikakiweka mapajani mwake.

"Hiki ni nini?"

"Kiko cha Milembe."

"Milembe wa maji ya moto?" Akatabasamu. "Kimetoka wapi?"

Nilionyesha chini ya jina la mke wake. "Kilitoka humo. Siku ya kuhamisha."

Alikuwa amejimiminia chai. Niliona mvuke ukipungua, kisha ukakoma, naye bado ameshika kikombe.

"Ulijua tangu siku hiyo?"

"Tangu ile Pasaka."

"Ya minyaa."

"Ya minyaa."

"Ukaniambia siku ya msiba mtu haoni vizuri."

"Nilikuambia."

"Nami nikaamini." Sauti yake haikupanda. "Unajua nilijiona mtu wa namna gani, Katibu? Mume anayesahau mahali alipomlaza mke wake. Nimetubu hilo mara nyingi. Nimelitubu, wala sikulifanya."

Baadaye mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikimsimulia Milembe."

"Ndiyo, Baba."

"Kiziwi."

"Kabisa."

"Tena kwa lugha ya mama yangu!" Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, nikamshika mgongo, na kicheko kilipokwisha hakikuacha kitu kizuri usoni mwake.

"Nisamehe," nilisema.

"Mimi kusamehe ni kazi niliyosomea. Umekuja kwa mtu rahisi." Akamwaga chai iliyopoa. "Yupo wapi mke wangu?"

Nikamwonyesha lile la mwisho, lenye jina la Milembe. Kushoto kwake, nje ya safu, kulikuwa na mawe yaliyopangwa.

"Pale pembeni ni pa nani?"

"Mama Shija amejiwekea."

"Basi nenda kwa Mama Shija. Mwambie yote kama ulivyoniambia. Kisha mwombe nafasi yake, kwa ajili yangu. Mimi sitamwomba. Utamwomba wewe."

"Na mifupa, Baba? Tuirudishe?"

"Wameshahamishwa mara moja. Waacheni. Wamechoka." Akakunja kiti. "Akikataa, nitalala popote. Lakini usimdanganye ili akubali."

Mama Shija nilimkuta anaanika michembe juu ya mwamba. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kukaa. Nilipompa kiko alikinusa.

"Nilikuambia udongo hauli udongo."

"Uliniambia."

"Ngosha, mwanamume gani wewe! Unakaa na kiko cha mama wa mtu miaka yote hii, hata huvuti?"

Akaendelea kupanga michembe, kipande kimoja kimoja. Ghafla akasimama.

"Basi yule niliyekuwa nampigia kelele..."

"Ni mke wa Askofu."

"Mayu we! Mwanamke mpole yule, asiyeinua sauti hata kwa kuku." Akajishika mdomo. "Nimemtoa masikio, maskini."

Nikamwomba nafasi. Nilimwambia kwamba Askofu amesema anaweza kukataa. Alikigeuza kiko kiganjani.

"Mama yangu kuliani kwake yupo nani?"

"Hakuna. Ndipo Askofu alipotaka."

"Basi hapo nitalala mimi, na yeye alale kwa mkewe. Mwambie hivyo." Akaninyooshea kiko kama fimbo. "Lakini misalaba utaing'oa wewe. Si fundi, si mjukuu wa mtu. Wewe, na mgongo wako huo."

Jumamosi iliyopita tulikuwa watatu. Askofu alikaa katikati, mbele ya kaburi la mwinjilisti, akashika fimbo kwa mikono miwili. Nilichimbua msalaba wa mke wake, nikaubeba begani hadi mwisho wa safu, nikausimika. Nikageuka nirudi kuchukua ule wa pili. Kumbe ulikuwa pale pale mbele yangu; nikachanganyikiwa, nikasimama, Mama Shija akacheka, "Anaanza tena!" Nikaung'oa wa Milembe, nikaubeba kurudi. Mmoja mmoja, hivi ndivyo ilivyotakiwa iwe tangu mwanzo.

Mama Shija akaenda kwa mama yake akapiga kelele mpaka ndege wakaruka. Askofu alihamisha kiti chake kwa mke wake, akakaa. Nilingoja kusikia ile lugha.

"Huzungumzi naye, Baba Askofu?"

"Habari zote nimeshampa yule mwingine," alisema. "Nitaanzia wapi?"

Kisha akanyoosha fimbo kuelekea ule mnyaa mrefu alioupanda mwenyewe. "Kata tawi. Lilete huku."

Kila mtoto wa kwetu huonywa juu ya mnyaa: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaweza kukupofusha. Nilikata tawi, utomvu ukanichuruzikia vidoleni hadi kiganjani. Nikapiga magoti kichwani pa mke wake, nikatoboa ardhi, nikalichomeka, nikashindilia udongo kwa mikono yote miwili. Hapo ndipo machozi yaliponijia, yale ambayo sikuyatoa siku ile ya Pasaka, wala ndani ya gari, wala kwa Mama Shija. Nikainua mkono.

"Usijifute," Askofu alisema.

Nikashusha mkono, nikayaacha yashuke.